Chombo Kilichopita Bila Hodi

Katika nchi ya Mapitoni mtu anaweza kusamehewa kuiba kuku, lakini kupita mlangoni kwa mkubwa wake bila kubisha hodi hasamehewi. Nilikaa kwao muda wa kutosha kuliona jambo hilo likifika mahali ambapo akili ya kawaida ingegeuka na kurudi nyumbani. Namna nilivyofika huko sielezi. Binti yangu nilimweleza mara moja, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu, na yaliyobaki Mungu anayajua.

Kwanza mjue mbingu yao. Ni nyeusi hata mchana, na ndani yake zinaonekana sayari kubwa kubwa zikitembea. Sisi tungeziita sayari. Wao wanaziita ndugu, wala hawasemi kwa mzaha. Iliyo karibu ni Shangazi. Ile nene kuliko zote, yenye mikanda kama kilemba, ni Baba Mkubwa. Ile ya mbali yenye wekundu ni Mjomba. Na kule mwisho kabisa, kadogo kama punje ya mtama, ni Kitindamimba.

Mwenyeji wangu aliitwa Bi Tatu, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kucha zilizoingia wino. Kazi yake ilikuwa kuchora njia za vyombo vya angani. Mumewe, Salimini, alikuwa mtunza taa kule Kitindamimba, peke yake. Taa hiyo huwaka na kuzima kwa mpango, na kila mtoto wa Mapitoni anaisoma kama sisi tunavyosoma kibao cha duka. Nilipofika, taa ilikuwa imetoka kusema kwamba tangi la maji limepasuka. Salimini alikuwa amebakiwa na pipa dogo, anakunywa kwa kifuniko cha chupa.

Chombo cha kumpelekea maji kilikuwepo. Kilikuwa kimesimama uani kwa ofisi ya njia, kimepigwa rangi ya kijani. Shida ni kwamba moto wake unatosha kukiinua tu. Ukiisha umeisha, na Kitindamimba yuko mbali mno. Ndiyo maana kuna wachora njia. Bi Tatu alinieleza tukiwa tunachambua mchele. Chombo unakituma kiangukie kwa Shangazi, lakini pembeni kidogo, ili kimkose. Kwa kuwa Shangazi naye anatembea, anakivuta nyuma yake, kama mtu aliyeshika mkokoteni unaoteremka mlima: akiachia, anaondoka kwa mbio ambazo miguu yake haina. Mbio hizo zinakifikisha kwa Baba Mkubwa, naye anakivuta zaidi. Kwa Mjomba kinapita kwa mbele badala ya nyuma, kusudi kipunguziwe mwendo, kimfikie Salimini polepole badala ya kumpita kama risasi.

Nilimwambia kumbe kazi yake ni kuwaangukia wakubwa na kuwakosa. Alicheka, kisha akaniomba nisiyarudie maneno hayo mbele ya Mkuu wa Adabu.

Wakubwa wakati ule walikuwa wamekaa vizuri, mmoja baada ya mwenzake, kama watu waliopanga foleni. Wakishaachana, hawatakaa hivyo tena mpaka wajukuu wa leo wawe na mvi. Basi Bi Tatu akachora njia yake upesi, akaipeleka barazani. Hakuna aliyeipinga kwa hesabu. Ilipingwa kwa adabu.

Baraza la Adabu huanza kwa salamu. Kwetu mgeni rasmi akisema itifaki imezingatiwa, watu hushukuru kimoyomoyo na kuketi. Kwao maneno hayo ni tusi. Kila mkubwa wa angani hutajwa kwa jina, hupigiwa goti na shikamoo yake, kisha baraza zima hunyamaza kungoja marahaba. Marahaba haiji, kwa kuwa sayari haisemi, lakini wao hunyamaza kwa muda ambao ingekuja. Baba Mkubwa, kwa unene wake, hungojwa mara mbili. Siku ya kwanza tuliyoingia, salamu zilipokwisha ilikuwa saa ya chakula, tukaenda kula pilau, tukatawanyika.

Mkuu wa Adabu aliitwa Bwana Mwinyikambi, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Sikumsikia akimkaripia mtu hata mara moja. Aliuliza tu kwa upole ni vipi chombo kianze kwa Shangazi na Baba Mkubwa yupo. Bi Tatu akasema bila msukumo wa Shangazi hakitafika kwa Baba Mkubwa. Mwinyikambi akakubali kwamba hilo ni tatizo la chombo, si la Baba Mkubwa. Waliamua apelekewe kwanza ombi la radhi. Lakini ombi hilo nalo lingepelekwa na chombo gani, na kingepita kwa nani kwanza? Hilo liliwachukua kikao kizima, nikaanza kufuma kofia.

Halafu likaja la marahaba. Chombo kitamsalimia Shangazi kikiwa mbioni, na hakitamngoja ajibu. Wajumbe wakataka kisimame.

"Kikisimama kitaanguka," Bi Tatu alisema.

"Basi kianguke kwa heshima," alijibu mjumbe mmoja wa nyuma, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Likaja la mikono mitupu. Hakuna aendaye kwa jamaa bila kitu. Shangazi aliwekewa doti ya kanga, Mjomba tumbaku, Baba Mkubwa mbuzi. Mbuzi akahitaji majani, na akihitaji majani atahitaji maji, na maji yaliyokuwepo ni yale ya Salimini. Nilimwona Bi Tatu akifuta na kuandika upya uzito wa kila kitu, kwa kuwa kila kilo ilipunguza nyingine, na asubuhi ya siku hiyo mapipa ya Salimini yakawa pipa moja, na jioni lile pipa moja likawa la mbuzi. Kwa upande wa mbuzi walijitahidi sana. Walimtafutia hata blanketi.

Lakini hayo yote yalikuwa maneno ya kufungulia kinywa. Kesi yenyewe ililetwa na Mama Kidawa, wakili wa Shangazi, mwanamke mkavu asiyekunywa hata chai ya baraza. Alisimama akauliza swali moja: huo mwendo chombo kinaopewa, unatoka wapi?

Bi Tatu angeweza kuzungukazunguka. Hakufanya hivyo. Alisema unatoka kwa Shangazi mwenyewe. Chombo kikiongeza mwendo, yeye anapungukiwa.

"Anapungukiwa kiasi gani?"

"Mbu akitua juu ya mlima, mlima unadidimia. Kiasi hicho, au pungufu."

"Kwa hiyo mlima unadidimia."

"Unadidimia," alisema Bi Tatu.

Mama Kidawa akaketi, akakunja mikono. Nimewahi kumwona mtu akikaa hivyo sokoni, aliyemshika muuzaji na kipimo pungufu.

Baada ya hapo hapakuwa na jingine la kusemwa nchini. Wazee walijitokeza kusema wameona wenyewe kwamba tangu chombo cha mwisho kipite Shangazi anachelewa kuchomoza. Mwanamke mmoja alisema maharage yake yamechelewa kuiva kwa sababu hiyo. Wakili wa Mjomba naye akaja, na lake lilikuwa kinyume: mteja wake hakuibiwa ila anasukumwa, maana chombo kikipita mbele yake na kupunguza mwendo, ule mwendo unamwingia yeye, na mtu mzima hasukumwi. Basi huyu akalia ameibiwa, yule akalia amepewa asichoomba, na kule Kitindamimba taa ikasema: nimepasua mdomo, leo nimekunywa nusu kifuniko.

Baraza lilisikitika sana. Liliposikia maneno hayo lilisimama kwa heshima, kisha likaketi na kuendelea.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa haki tupu. Kila kilichochukuliwa kirudishwe. Chombo kikipita nyuma ya Shangazi na kuchukua mwendo, kizunguke kipite mbele yake kikaurudishe. Kwa Baba Mkubwa vivyo hivyo. Alichosukumwa Mjomba kiondolewe. Bi Tatu akaagizwa aichore njia hiyo, na kwa kuwa alikuwa mwajiriwa mwaminifu aliichora. Mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili wa uzi wake wa kupimia njia. Tulifuata mstari ule sakafuni, ukaenda kwa Shangazi ukarudi, ukaenda kwa Baba Mkubwa ukarudi, ukainama mbele ya Mjomba ukanyanyuka, kisha ukaja taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake, ukaishia uani kwa ofisi ya njia, palepale chombo kiliposimama.

Akaipeleka barazani vilevile. Nilidhani watacheka au wataona haya. Waliipenda. Waliipitisha mikononi kama picha ya mtoto mchanga. Mwinyikambi alitoa leso akafuta macho, akasema tangu azaliwe hajaona njia yenye adabu kama ile, isiyomdai mtu wala kudaiwa.

"Inarudi hapahapa uani, Bwana Mkuu," Bi Tatu alisema.

"Kurudi salama si jambo dogo, binti yangu."

"Na Salimini?"

"Salimini tutamtaja kwenye salamu."

Akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilikuwa inapanda, naapa, ndipo mlango wa baraza ukasukumwa na watu wakaingia na jeneza. Walikuwa wanakata njia kuelekea makaburini. Hawakubisha, hawakusalimia, hawakumtazama Mwinyikambi. Mmoja alikanyaga joho lake. Na baraza lote, Mama Kidawa naye, likasimama likawapisha kimya, hadi wa mwisho alipotokea mlango wa pili.

Maana Mapitoni wana sheria moja iliyo juu ya nyingine zote: msiba haubishi hodi. Mwenye msiba hasalimii wala hasalimiwi. Habebi zawadi. Haulizwi anakwenda wapi wala anachukua nini. Na mfiwa akitamka kwamba fulani amefariki, kumtaka ushahidi ni utovu wa adabu usio na mfano.

Watu wakaketi. Bi Tatu hakuketi. Alikuwa bado anautazama ule mlango wa pili. Kisha akavua mtandio wake, akaugeuza ndani nje kama wafanyavyo wafiwa wa kule, akajifunika tena.

"Salimini amefariki," alisema. "Chombo kinakwenda mazishini."

Huo ulikuwa uongo, nami nauita kwa jina lake. Asubuhi ileile taa yake ilikuwa imesema kwamba ameota supu. Kila mtu barazani alikuwa ameisoma. Nikawatazama usoni mmoja mmoja nikingoja nani atasema, na hakuna aliyesema, kwa sababu wote walikuwa wamelelewa vizuri.

Mwinyikambi ndiye aliyeanza kulia.

Sasa sikilizeni maajabu. Watu waliokuwa hawana nafasi ya kikombe kimoja kwa mtu aliye hai, kwa maiti walikimbia. Mbuzi alishushwa na blanketi lake. Kamati iliundwa kabla ya machweo na ilifanya kazi, jambo ambalo sijaliona kwa kamati nyingine yoyote ya huko. Maji ya kumwoshea marehemu kwa desturi yao hayapimwi. Walileta mapipa mpaka Bi Tatu akawasihi waache, chombo kitashindwa kuinuka. Sanda ilikuwa ya bafta safi. Pamba, udi, kafuri, vyote vilipatikana. Mama Kidawa alileta marashi kwa mkono wake. Na wote walisema jinsi walivyompenda Salimini, na kwamba laiti wangejua mapema anahitaji kitu.

Njia ya kwanza ya Bi Tatu, ile ya nyuma, nyuma na mbele, ikarudishwa bila mjadala. Chombo kikavishwa kitambaa cheusi kuanzia ncha hadi mkiani, kikaondoka. Kilipita kwa Shangazi bila hodi. Kilichukua mwendo kwa Baba Mkubwa bila radhi. Nchi nzima ilikaa kimya na kuinamisha vichwa.

Bi Tatu akaingia eda. Kwao mwenye eda hafanyi kazi, hatoki nje ya mlango, na hazungumzi na wa mbali. Akitoka, msiba unabatilika, na kila mlango uliopitwa unaanza kudai hodi yake. Ananyang'anywa kazi pia, hagusi tena uzi wala kalamu. Wakatafuta mjane wa kukaa mlangoni kumzuia asitoke, na kwa kuwa mimi ni mjane kweli, tena mgeni nisiye na upande, wakaniweka mimi. Nilimwambia Bi Tatu waziwazi kwamba mtu aliye hai sitamlilia, na dua ya maiti sitamsomea. Akasema hataki dua ya maiti, anataka nyingine. Basi hiyo tuliisoma, asubuhi na jioni, kwamba chombo kimkose Shangazi vizuri.

Kilimkosa. Kikamkosa na Baba Mkubwa, na Mjomba. Msimu uligeuka. Salimini alikuwa haandiki tena kila siku. Taa ilikuwa inawaka neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika. Kutoka kwenye dirisha letu tuliiona vizuri. Kisheria haikuwa inasema chochote, kwa kuwa maiti hawasemi. Watu wakipita barabarani walitazama viatu vyao.

Siku chombo kilipofika tulijua kwa sababu taa iliwaka mfululizo, ndefu. Bi Tatu alikamata mkono wangu. Alinisomea kwa sauti ya chini, neno kwa neno.

Taa iliuliza: *Nani amefariki?*

Hatukuwa tumelifikiria. Mtu amekaa peke yake ukingoni mwa dunia anangoja maji. Kinamjia chombo kimevikwa nguo nyeusi, ndani yake sanda, pamba, kafuri na mapipa ya maji ya kuoshea maiti. Na kule hakuna maiti.

Taa ikauliza tena. Ikangoja. Kisha ikasema: *Maji ya marehemu sijayagusa. Niambieni ni ya nani.*

Hapo nikaelewa. Salimini naye alikuwa mtoto wa Mapitoni. Naye alilelewa vizuri. Alikuwa amekaa katikati ya mapipa yale na midomo yake iliyopasuka, na hanywi, kwa adabu.

Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mwinyikambi alifika akiwa na joho lake, akawaomba kwa upole wafunge madirisha ya upande ule, kwani si vizuri kumsikiliza marehemu akihangaika. Wengine walikuwa wanalia kweli. Hakuna aliyekwenda kwenye taa ya kujibu, iliyokuwa juu ya paa la ofisi ng'ambo ya barabara.

Taa ikawaka mara ya tatu, fupi. Bi Tatu alisoma, akauachia mkono wangu. Nilimuuliza imesema nini. Akasema imesema: *Ni Tatu?*

Aliinuka. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, mahali waliponiweka. Alisimama mbele yangu, hakuniomba kitu, ila alinitazama. Niliinuka nikachukua kigoda changu nikakisogeza kando. Nimemwomba Mungu msamaha kwa mengi maishani mwangu. Kwa mlango ule sijamwomba.

Alivuka barabara na mtandio wake uliogeuzwa. Watu walimpisha kwa mazoea, kwa sababu alikuwa mfiwa, na alipofika ngazini ndipo Mama Kidawa akatambua kinachotokea, akasema kwa sauti kavu kwamba eda imevunjwa, msiba umebatilika, na kuanzia saa hii Shangazi anadai. Hakuna aliyeinua mkono kumzuia. Nadhani hawakujua kama mwanamke aliyevunja eda anashikwa kwanza au anasalimiwa kwanza.

Bi Tatu akashika kamba ya taa. Maneno yake niliyasomewa baadaye, lakini wote uani waliyasoma papo hapo kwa midomo, kama watoto darasani.

*Ni wewe uliyekufa. Mimi mzima. Kunywa.*

Jibu likakawia. Mwangaza unachukua muda kwenda na kurudi, na tulisimama kama tunavyosimama barazani kungoja marahaba ya Baba Mkubwa, isipokuwa safari hii kulikuwa na mtu upande wa pili. Mwinyikambi alikuwa amefumba macho. Mama Kidawa alikuwa ameanza kumtajia mwandishi wake makosa, akaishia katikati ya la tatu, akatazama juu na yeye.

Taa ikawaka.

*Poleni sana kwa msiba,* ilisema. *Nimekunywa.*

Na uani pale, Mkuu wa Adabu na wakili na wajumbe wote, watu ambao tangu kuzaliwa hawajaiacha pole ya mtu bila jibu, wakajikuta wameitikia kwa pamoja, kwa sauti moja, kabla hawajakumbuka ni nani wanayemjibu:

"Tumeshapoa."